Kodi Imepanda, Pesa Zimekwenda Wapi? Namna ya Kufuatilia Matumizi ya Mji, Kaunti na Jimbo Nchini Marekani

Hasira ya mlipa kodi wa Marekani mara nyingi humwangukia asiyehusika. Bili ya kodi ya nyumba ikipanda, watu humpigia simu mthamini wa kaunti, ambaye kazi yake ni kukadiria thamani ya nyumba na wala hapangi matumizi. Wengine hujazana kwenye kikao cha baraza la mji kulalamikia fedha zilizopitishwa na bodi ya shule. Husikilizwa kwa adabu, hushukuriwa, kisha mambo huendelea vilevile, maana walio mbele yao hawana mamlaka juu ya jambo lenyewe. Kabla ya kulalamika, jua nani amechukua, kiasi gani, amemlipa nani, na hadi tarehe ipi uamuzi bado unaweza kugeuzwa.

Hakikisha kwanza kwamba ni kodi

Wenye mkopo wa nyumba wengi hawaioni bili ya kodi. Benki huikata kidogo kidogo kila mwezi na kuiweka kwenye akaunti ya eskro pamoja na bima ya nyumba. Malipo ya mwezi yakipanda, tafuta barua ya mwaka ya uchambuzi wa eskro. Ina mistari miwili tofauti, wa kodi na wa bima. Linganisha kila mmoja na wa mwaka uliopita. Mara nyingi kilichopanda ni bima, na hapo kwenda kugombana na kaunti ni kupoteza jioni yako. Angalia pia kama kuna mstari wa kufidia upungufu wa mwaka uliopita: huo hulipwa kwa miezi 12 hivi, kisha huondoka.

Ikiwa ni kodi kweli, pakua bili yenyewe kwenye tovuti ya mweka hazina wa kaunti, ya mwaka huu na ya mwaka jana. Marekani ina serikali zaidi ya 90,000 zilizo chini ya majimbo: kaunti, miji, vitongoji, wilaya za shule, na wilaya maalum za zimamoto, maktaba, maji, mbuga, hata za kuua mbu. Illinois inaongoza majimbo yote kwa wingi wake. Nyumba moja inaweza kuwa ndani ya serikali nane kwa wakati mmoja, na bili huzitaja zote, kila moja na mstari wake. Andika pembeni tofauti ya kila mstari kati ya miaka miwili. Mstari wenye tofauti kubwa ndio unaokuonyesha kikao cha kwenda. Sehemu nyingi fungu kubwa kuliko yote ni la wilaya ya shule, ambayo kwa kawaida ina bodi yake iliyochaguliwa na bajeti yake, mbali na meya.

Anayepanga nyumba hapati bili, lakini kodi hiyo imo ndani ya kodi ya pango. Anaweza kuitafuta bili ya jengo lake kwa anwani kwenye tovuti ileile, kwani ni kumbukumbu ya umma.

Uliza jumla, usiulize kiwango

Hapa ndipo wananchi wengi huchezewa, na hesabu yake si ngumu. Kiwango cha kodi hutajwa kwa mili: mili 1 ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Wilaya ya shule inataka kukusanya dola milioni 40, na thamani ya mali zote ndani ya wilaya ni dola bilioni 5. Gawanya, unapata mili 8. Nyumba yako imethaminiwa dola 300,000, ina msamaha wa mwenye makazi wa dola 25,000, kwa hiyo inatozwa juu ya dola 275,000. Unalipa dola 2,200.

Mwaka unaofuata thamani za nyumba zinapanda kwa asilimia 10, na mali zote zinafika dola bilioni 5.5. Bodi inatangaza kwa furaha kwamba imeshusha kiwango hadi mili 7.8. Nyumba yako sasa ni dola 330,000, ukitoa msamaha ni 305,000, na bili inakuwa dola 2,379. Kiwango kimeshuka, malipo yamepanda kwa dola 179. Wilaya imekusanya dola milioni 42.9, yaani milioni 2.9 zaidi ya mwaka uliotangulia. Ili ibaki na milioni 40 zilezile, kiwango kilipaswa kuwa karibu mili 7.27.

Basi swali la kuuliza ni hili: jumla ya makusanyo mwaka jana ilikuwa dola ngapi, mwaka huu ni ngapi, na katika ongezeko hilo ni kiasi gani kimetokana na majengo mapya? Sehemu ya mwisho usiisahau. Majengo mapya huongeza jumla bila kumwongezea mwenye nyumba wa zamani hata senti, na ofisa makini atakujibu kwa hoja hiyo usipoitaja wewe kwanza.

Kila jimbo lina uzio wake, na ni vizuri kuujua kabla ya kufungua mdomo. California, tangu Proposition 13, sheria iliyopigiwa kura na wananchi mwaka 1978, kodi ya msingi ni asilimia 1 ya thamani, na thamani ya kodi haiongezwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe au ijengwe upya. Massachusetts, kwa sheria iliyopigiwa kura mwaka 1980, makusanyo ya mji hukua kwa asilimia 2.5 pamoja na majengo mapya, na kuzidi hapo kunahitaji kura ya wananchi. Texas iliamua mwaka 2019 kwamba kaunti na miji mikubwa ikitaka kuongeza makusanyo ya uendeshaji zaidi ya asilimia 3.5 juu ya mali zilezile, iwaulize wapiga kura. Colorado ina kifungu cha katiba cha mwaka 1992 kinachobana kodi na matumizi kwa pamoja.

Uzio huo una athari yake. Serikali iliyobanwa upande wa kodi hutafuta mlango mwingine: ada, tozo za huduma, na wilaya maalum zinazolipia barabara na mabomba ya mitaa mipya. California huziita Mello-Roos, na humkuta mnunuzi wa nyumba mpya kama tozo isiyofuata thamani ya nyumba. Ukiona mstari wa namna hiyo kwenye bili, tafuta tarehe yake ya mwisho. Nyingi zina muda uliowekwa, na mwananchi ana haki ya kujua kama muda umepita au umerefushwa.

Makaratasi matatu

Bajeti ni ahadi. Ripoti ya fedha iliyokaguliwa ni kilichotokea. Orodha ya malipo ndiyo inayotaja majina ya waliolipwa. Wengi husoma ya kwanza tu, nayo ndiyo yenye maneno mengi mazuri na picha za watoto kwenye bembea.

Anza na ripoti iliyokaguliwa, ambayo tangu 2021 inaitwa ACFR (Annual Comprehensive Financial Report). Serikali ndogo nyingi hazitoi ACFR kamili, zinawasilisha taarifa fupi kwa mkaguzi au mdhibiti wa jimbo, na huko ndiko pa kuitafuta. Angalia kwanza mwaka. Majimbo 46 huanza mwaka wa fedha Julai 1. New York huanza Aprili 1, Texas Septemba 1, Alabama na Michigan Oktoba 1. Miji na kaunti nyingi hufuata kalenda yake yenyewe. Ripoti kuchelewa miezi sita baada ya mwaka kuisha ni jambo la kawaida. Ikichelewa miaka miwili, acha kutafuta tatizo dogo, umeshalipata kubwa.

Usiisome toka mwanzo. Nenda nyuma kabisa, kwenye takwimu za miaka 10: mapato, matumizi, deni, idadi ya wafanyakazi, na walipa kodi wakubwa. Kurasa hizo chache zinakueleza mwelekeo kuliko hotuba yoyote ya meya. Kisha tafuta jedwali linalolinganisha bajeti ya awali, bajeti ya mwisho na matumizi halisi. Tofauti kati ya bajeti ya awali na ya mwisho ndiyo ya kukaziwa macho: idara inaweza kuonekana imebaki ndani ya bajeti kwa sababu tu bajeti iliongezwa katikati ya mwaka, usiku ambao ukumbi ulikuwa na watu watatu.

Baada ya hapo, salio la mfuko mkuu. Limegawanywa: kuna fedha zilizofungwa na sheria, zilizotengwa na baraza, na ambazo hazijapangiwa kazi. Chama cha maofisa wa fedha wa serikali, GFOA, hushauri akiba isiyofungwa isipungue miezi miwili ya matumizi ya kawaida, yaani karibu asilimia 17. Mji wenye akiba ya asilimia 60 unaodai hauna budi kupandisha kodi unastahili kuulizwa kwa nini. Kwa mji wenye asilimia 3, usijidanganye kudai upunguziwe kodi mwaka huohuo. Hauna pa kushika mvua ikinyesha.

Malalamiko ya kawaida ni haya: "Wanajenga mtambo wa maji wa mamilioni, halafu wanasema hawana fedha za polisi." Kwa kawaida hilo si uongo. Fedha za maji zimo kwenye mfuko wake na sheria haziruhusu zihamishwe ovyo. Kinachofaa kutafutwa ni uhamisho kati ya mifuko, ambao huelezwa kwenye maelezo ya ripoti. Mfuko wa maji ukiwa unatoa fedha nyingi kila mwaka kwenda mfuko mkuu, basi bili yako ya maji ina kodi ndani yake ambayo hakuna aliyeipigia kura. Maelezo hayohayo yana sura ya pensheni na sura ya misamaha ya kodi iliyotolewa kwa makampuni. Misamaha hiyo ni lazima itajwe kwa kiasi cha dola, kwa kanuni namba 77 ya bodi ya viwango vya uhasibu wa serikali, GASB.

Kama serikali yako imekopa kwa hati fungani, ingia kwenye EMMA, tovuti ya bure yenye nyaraka za mikopo ya serikali za mitaa na majimbo. Soma waraka wa mauzo, hasa sehemu ya hatari. Mwananchi huambiwa mambo yanakwenda vizuri. Mwekezaji huambiwa kwamba mwajiri mkubwa wa mji anafunga kiwanda na kwamba pensheni ina pengo, kwa sababu kumdanganya mwekezaji ni kuvunja sheria ya masoko ya fedha.

Na kama imetumia fedha nyingi za serikali ya shirikisho, kuna ukaguzi wa ziada wa lazima. Kizingiti kilikuwa dola 750,000 kwa mwaka, sasa ni dola milioni 1 kwa miaka ya fedha iliyoanza Oktoba 2024 au baadaye. Ripoti hizo ziko fac.gov. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya kasoro, uone zipi zimejirudia kutoka mwaka uliotangulia. Kasoro inayojirudia mara tatu inasema kuwa wakubwa waliiona na wakaiacha.

Ukaguzi safi si kinga

Dixon, mji wa watu wapatao 16,000 katika Illinois, ulikaguliwa kila mwaka. Hata hivyo mdhibiti wake wa fedha, Rita Crundwell, aliiba karibu dola milioni 53.7 kati ya 1990 na 2012. Mbinu ilikuwa nyepesi. Alifungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na akaunti ya mji, akatengeneza ankara za uongo zilizoonekana zimetoka kwa jimbo, akaandika hundi kutoka akaunti halali kwenda kwenye hiyo yake. Barua za benki alizipokea mwenyewe, vitabu alivitunza mwenyewe. Aligunduliwa alipokuwa likizo, karani aliyeshika nafasi yake alipoiomba benki taarifa za akaunti zote. Mwaka 2013 alihukumiwa miaka 19 na miezi 7.

Maswali yanayotokana na Dixon yanaulizika popote, kwa maandishi: akaunti zote za benki zenye namba ya kodi ya mji ni zipi? Nani husuluhisha taarifa ya benki na vitabu kila mwezi, na je, mtu huyohuyo anaandika hundi? Nani hufungua barua? Mkaguzi huyu ameajiriwa kwa miaka mingapi mfululizo, na je, anaifanyia serikali hiyohiyo kazi nyingine ya uhasibu?

Bell, karibu na Los Angeles, ilikuwa na aina nyingine ya ugonjwa. Mwaka 2010 iligundulika kwamba meneja wa mji huo wa watu wasiozidi 40,000, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na wajumbe kadhaa wa baraza, kazi isiyo ya kutwa, karibu dola 100,000. Mlango ulifunguliwa 2005 katika kura maalum ya kubadili katiba ya mji ambayo walijitokeza watu wasiofika 400. Kwa hiyo fuatilia uchaguzi mdogo kuliko mkubwa. Tarehe za ajabuajabu, katikati ya mwaka usio na kura ya rais wala gavana, ndizo zinazopitisha mambo mazito kwa kura chache. Leo mishahara ya watumishi wa California huonekana kwenye tovuti ya mdhibiti wa jimbo, nafasi kwa nafasi.

Kuomba kumbukumbu

Sheria ya shirikisho ya uhuru wa habari haizigusi serikali za majimbo wala miji. Kila jimbo lina sheria yake, na muda wake. Illinois hutoa siku 5 za kazi, na inaweza kuongeza 5. California hutoa siku 10 za kusema kama kumbukumbu zinatolewa, na inaweza kuongeza 14 katika mazingira maalum. New York hutakiwa kukiri kupokea ombi ndani ya siku 5 za kazi. Majimbo machache, kama Virginia na Tennessee, huhakikisha haki hiyo kwa raia wa jimbo lao tu; Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu hilo mwaka 2013.

Sheria inakupa kumbukumbu zilizopo, haikupi majibu. Ukiandika "Kwa nini mmetumia fedha nyingi hivi kwenye barabara?" utarudishiwa barua ya adabu isiyo na kitu. Ukiandika "nyaraka zote zinazohusu barabara" utapewa makisio ya gharama ya kukutisha. Andika ombi ambalo karani anaweza kulitimiza kwa kubonyeza mara chache, kwa Kiingereza, lenye maneno kama haya:

"Chini ya sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo hili, naomba orodha ya malipo yote kuanzia Julai 1 hadi Juni 30 ya mwaka wa fedha uliopita, katika jedwali la Excel, ikionyesha tarehe, namba ya hundi au muamala, jina la aliyelipwa, kiasi, mfuko, maelezo na namba ya ankara. Kama gharama itazidi dola 25, tafadhali nijulisheni kabla ya kuendelea. Kama sehemu yoyote itazuiwa, naomba kifungu cha sheria kilichotumika na mnipe sehemu iliyobaki."

Kila neno hapo lina kazi. Bila kutaja Excel utaletewa picha za kurasa zisizotafutika. Bila kikomo cha gharama unaweza kudaiwa usichotarajia. Bila kuomba kifungu, ni vigumu kukatia rufaa kukataliwa kwako. Ukikataliwa, angalia kalenda: Illinois una siku 60 kupeleka malalamiko kwa mshauri wa upatikanaji wa kumbukumbu za umma (Public Access Counselor) aliye chini ya mwanasheria mkuu, New York siku 30 za rufaa kwa ofisi yenyewe. Texas, ofisi inayotaka kuzuia kumbukumbu ambayo haijawahi kutolewa uamuzi ndiyo inayolazimika kumwomba mwanasheria mkuu wa jimbo, ndani ya siku 10 za kazi.

Faili likifika, weka nakala ya asili pembeni, usiiguse. Kwenye nakala ya pili, jumlisha malipo kwa jina la aliyelipwa na upange kutoka mkubwa. Kisha pekua haya: namba ya ankara iliyolipwa mara mbili, malipo yaliyojipanga chini kidogo ya kiwango kinacholazimisha zabuni, mathalani mfululizo wa dola 24,900 pale kizingiti kikiwa 25,000, kiasi cha mviringo kwa kazi ambayo haiwezi kugharimu kiasi cha mviringo, wazabuni wawili wenye anwani moja, na msongamano wa manunuzi katika wiki mbili za mwisho za mwaka wa fedha. Malipo ya kadi za benki za idara yaombe peke yake, kwa sababu kwenye orodha kuu huonekana kama hundi moja nono kwa benki. Kwa ujenzi, omba nyongeza za mkataba. Zabuni ya bei ya chini inayoongezwa mara nne baada ya kusainiwa haikuwa ya bei ya chini.

Mengi utakayoyakuta yana maelezo ya haki. Ankara mbili zenye namba moja zinaweza kuwa za wazabuni tofauti. Kazi ya dharura baada ya mafuriko haina haja ya zabuni. Muulize ofisa wa fedha kwa barua pepe kabla ya kusimama hadharani. Tuhuma moja iliyoporomoka mbele ya watu inafuta nyingine tisa zilizo za kweli.

Kufika kabla ya saa

Kwa serikali ambayo mwaka wake huanza Julai 1, idara huleta maombi Januari na Februari, meneja huweka rasimu mezani Aprili au Mei, vikao vya wananchi hufanyika Mei na Juni, na kura hupigwa kabla ya Juni 30. Anayekuja Juni anakuta hesabu zimeshafungwa. Anayekuja Februari, kwenye warsha ya bajeti ambayo ukumbi mtupu, anazungumza na watu ambao bado wana kalamu mkononi. Mwandikie karani wa mji Desemba umwombe kalenda ya bajeti. Ni ukurasa mmoja.

Ajenda isome ikitoka tu. California huitaka ibandikwe saa 72 kabla ya kikao cha kawaida, Illinois saa 48. Usiishie kwenye vichwa vikubwa. Mikataba mingi hupitishwa ndani ya fungu la mambo ya kawaida, yote kwa kura moja bila mjadala. Ukiona lako humo, mwandikie mjumbe wa eneo lako kabla ya kikao aombe jambo hilo litolewe lijadiliwe peke yake. Ombi la mjumbe mmoja kwa kawaida linatosha.

Muda wa kuzungumza kwa kawaida ni dakika 2 au 3. Taja namba ya jambo kwenye ajenda, ukurasa, tarakimu, na unachotaka: "Jambo la 14, ukurasa wa 212. Mkataba huu umeongezwa kutoka dola 180,000 hadi 310,000. Naomba kura iahirishwe hadi nyongeza tatu zilizotajwa ziwekwe hadharani." Usitegemee kujibiwa papo hapo, mabaraza mengi hayaruhusiwi au hayapendi kujadili kisichokuwa kwenye ajenda. Mkabidhi karani maandishi, yaingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Kama Kiingereza chako si cha kusimamia hoja, omba mkalimani mapema, angalau wiki moja kabla. Serikali zinazopokea fedha za shirikisho zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 zisimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa muda mrefu huo ndio umekuwa msingi wa kudai huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri. California, anayezungumza kwa kupokezana na mkalimani hupewa angalau mara mbili ya muda wa wengine, endapo muda umewekewa kikomo.

Asiye raia anaweza kuhudhuria na kuzungumza, na katika majimbo mengi kuomba kumbukumbu pia. Ila asisaini karatasi za kuitisha kura ya maoni, ambazo ni za wapiga kura walioandikishwa, wala asikubali kuandikishwa kupiga kura na mkusanya saini barabarani. Kudai uraia usio nao, hata kwa kuweka alama kisandukuni bila kusoma, kunaweza kukuondoa nchini.

Kupinga thamani ya nyumba

Hii ni njia tofauti, na kosa linaloua rufaa nyingi ni moja: mtu anakwenda kueleza kwamba kodi ni kubwa mno. Bodi haina mamlaka juu ya kodi, inasikiliza thamani tu. Peleka mauzo matatu hadi matano ya nyumba zinazofanana na yako, za karibu, zilizouzwa karibu na tarehe ya kuthaminiwa, ambayo Texas ni Januari 1. Kabla ya hapo omba kadi ya mali yako na uikague kwa futi ya kupimia: eneo la sakafu, idadi ya bafu, kama ghorofa ya chini ya ardhi imeandikwa kuwa imekamilishwa. Kosa la kadi hushinda haraka kuliko hoja ya soko. Tarehe hazisamehewi: Texas ni Mei 15 au siku 30 baada ya notisi kutumwa, iliyo ya baadaye, miji mingi ya New York ni Jumanne ya nne ya Mei. Ukishinda, bili yako hushuka na mzigo huhamia kwa majirani. Matumizi hayapungui.

Wakati rufaa inaendelea, lipa. Kugoma kulipa kodi ya nyumba huleta riba, adhabu, na mwishowe nyumba kuuzwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Geraldine Tyler wa Minnesota, ambaye kaunti iliuza nyumba yake kwa dola 40,000 kwa deni la takriban 15,000 na kubaki na chenji yote. Kaunti haina haki ya kubaki na ziada, ilisema mahakama. Lakini nyumba ilikuwa imeshakwenda.

Ngazi ya jimbo

Bajeti ya jimbo ni kubwa mno kukaguliwa hundi kwa hundi na mtu mmoja, na sehemu kubwa yake ni elimu na bima ya afya ya Medicaid, ambayo fedha zake nyingi hutoka Washington. Tumia kazi iliyokwisha kufanywa. Ofisi ya mkaguzi wa jimbo hutoa ukaguzi wa ufanisi wa programu moja moja. Soma mapendekezo, kisha angalia ripoti ya ufuatiliaji uone yapi hayajatekelezwa. Mabunge mengi yana ofisi ya uchambuzi wa fedha isiyo ya chama. Ya California ipo tangu 1941. Kila muswada wenye gharama huambatana na waraka mfupi wa makisio ya fedha. Ukimwandikia mbunge wako, nukuu waraka huo kwa namba ya muswada.

Ukipata kinachonuka wizi na si uzembe tu, usikipeleke kwenye dakika zako tatu za kikao. Mpelekee mkaguzi wa jimbo au inspekta mkuu (ofisa wa kuchunguza ubadhirifu serikalini, si wa polisi), ambao wengi wana simu au fomu ya kupokea taarifa bila jina, pamoja na faili la asili ambalo hukuligusa, nakala ya ombi lako na barua iliyoambatana na majibu. Kama wewe ni mtumishi wa serikali hiyo, mwone wakili kabla ya kutuma: ulinzi wa watoa taarifa hutofautiana jimbo kwa jimbo, na baadhi huutoa tu ikiwa taarifa ilipita kwenye mlango uliotajwa na sheria.